Kusanifu ndege ndogo ya aerobatiki inayorushwa kwa nyaya

Ndege ya mfano inayorushwa kwa nyaya haina redio wala kompyuta ndani yake. Rubani husimama katikati ya uwanja akiwa na kishikio mkononi, na nyaya mbili nyembamba hutoka kwenye kishikio hicho hadi ncha ya bawa la kushoto, zikapita ndani ya bawa na kufungwa kwenye kipande kidogo cha pembe tatu kiitwacho belikranki. Rubani akiinamisha kishikio, waya mmoja huvutwa na mwingine hulegezwa, belikranki huzunguka kwenye ekseli yake, fimbo husukuma au kuvuta elevata iliyo mkiani, na ndege hupanda au hushuka. Jim Walker wa Portland, Oregon, ndiye aliyeueneza mtindo huu nchini Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ndege yake ya Fireball. Baadaye akina George Aldrich, msanifu wa Nobler ya miaka ya 1950, walionyesha kwamba ndege iliyofungwa kwa nyaya inaweza kupiga vitanzi, kuruka chali na kuchora nane angani kwa usafi wa hali ya juu. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lina daraja maalumu la mchezo huu, F2B, na vipimo vyake vya vitanzi ndivyo nitakavyovitumia hapa.

Ndege ninayoisanifu katika mwongozo huu ni ndogo: inavutwa na injini ya sentimita za ujazo 0.8, ile ambayo Wamarekani huiita .049 kwa hesabu ya inchi za ujazo. Sitatoa vipimo vitupu. Nitaonyesha kila kipimo kimetoka wapi, kwa sababu msomaji anayejua asili ya kipimo anaweza kukibadilisha bila kuharibu vingine, na asiyeijua atabaki kunakili ramani za wenzake maisha yake yote.

Anza na duara

Wengi huanza kwa kuchora kiwiliwili chenye pua kali na mkia wa fahari, kisha ndipo wanapotafuta injini ya kukivuta. Ninawasihi wafanye kinyume chake. Ndege hii haina anga yote. Anga yake ni nusu ya tufe, na nusukipenyo cha tufe hilo ni urefu wa nyaya. Kila kitu kingine kinatokana na hapo.

Kwa injini ya 0.8, nyaya za mita 11 kutoka kwenye kishikio hadi katikati ya ndege zinafaa. Duara la nusukipenyo hicho lina mzingo wa mita 69 hivi. Ndege ikilimaliza kwa sekunde 4.5, kasi yake ni karibu mita 15.4 kwa sekunde, yaani kilomita 55 kwa saa, kasi ambayo injini hizi huifikia kwa propela ya inchi 5 yenye hatua (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 3 ikizunguka mara 14,000 hivi kwa dakika. Sasa piga hesabu ya mkazo wa nyaya: zidisha uzito wa ndege kwa kasi ya mraba, ugawanye kwa nusukipenyo. Ndege ya gramu 190 itavuta mkono kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 420 hivi inaporuka sambamba na ardhi. Ikipita juu ya kichwa cha rubani, uzito wake wenyewe unairudisha chini, kwa hiyo mkazo unaobaki ni takriban gramu 230, na hapo hatujatoa kasi inayopotea wakati wa kupanda.

Kwa duara hili la mita 11, ndege inayozunguka kwa sekunde 6.6 ina nguvu ya kutoka nje inayolingana kabisa na uzito wake, kwa hiyo ikifika juu ya kichwa nyaya hazina mkazo hata kidogo. Niliwahi kurusha ndege iliyozunguka kwa zaidi ya sekunde 6. Chini ilionekana nzuri na tulivu, nikajipa moyo nikaipandisha. Ilipofika juu, nyaya zilijikunja kama uzi wa kishada uliokosa upepo, kishikio kikawa chepesi mkononi, na nilichoweza kufanya ni kurudi nyuma mbio nikitafuta mkazo. Tangu siku hiyo sisanifu chochote kabla ya kuandika juu ya karatasi urefu wa nyaya, muda wa duara na uzito. Kwa ndege hii, duara lisizidi sekunde 5.

Uzito juu ya eneo la bawa

Kwa kanuni za F2B, ndege huruka mita 1.5 kutoka ardhini, na kitanzi hufika kileleni pale ambapo nyaya zimeinuka nyuzi 45. Kwa nyaya za mita 11, kitanzi hicho kina nusukipenyo cha karibu mita 4.2. Inapokaribia chini ya kitanzi, ndege lazima ijipindishe kuelekea juu na wakati huohuo iubebe uzito wake, na ukijumlisha mambo hayo mawili utaona kwamba bawa linabeba karibu mara 7 ya uzito wa ndege. Bawa la ndege ya gramu 190 linabeba kilo 1.3 kwa sehemu ya sekunde, mara tatu mfululizo, kwa sababu vitanzi huhesabiwa vitatuvitatu.

Je, bawa linaweza? Chukua eneo la sentimita za mraba 1,110. Uzito wa gramu 190 juu ya eneo hilo ni gramu 17 kwa kila desimita ya mraba, na kizigeu cha kuinua, namba inayoonyesha bawa linatakiwa kuinua kwa bidii kiasi gani, kinachohitajika chini ya kitanzi ni 0.8 hivi. Bawa nene lenye umbo linganifu, hata katika ukubwa huu mdogo ambapo hewa huwa kama inanata kuliko inavyokuwa kwa ndege kubwa, linafika hapo bila kukata tamaa. Sasa acha ndege inenepe hadi gramu 260, kwa injini ileile na eneo lilelile. Kizigeu kinachotakiwa kinapanda hadi 1.1, na bawa hilo halina uwezo huo. Hewa itaachana na mgongo wa bawa, ndege itazama katikati ya kitanzi, na mwenye ndege atadhani kwamba elevata haikutosha. Ataongeza mwendo wa elevata, na ndege itazama zaidi.

Ziada ya kasi haikuokoi sana hapa. Kasi ikiongezeka, nguvu ya kuinua inaongezeka kwa mraba wake, lakini nguvu inayohitajika kuipindisha ndege kwenye kitanzi kilekile inaongezeka kwa mraba uleule, hivyo kasi karibu inajifuta pande zote mbili za mlinganyo. Kinachobaki ni uzito na eneo. Kwa hiyo kazi ya msanifu wa ndege hii, kuliko kazi nyingine yoyote, ni kupima gramu.

Mimi huandika bajeti kabla ya kukata ubao wa kwanza. Injini pamoja na tangi, propela na skrubu zake nazipa gramu 60. Bawa linapata 45, kiwiliwili 30, mkia 10, belikranki pamoja na fimbo na waya za ndani 10, magurudumu na waya wake 8, ngozi ya nje na rangi 15, na kipande cha risasi cha kuongeza uzito kwenye ncha ya bawa la nje 7. Jumla ni 185, na gramu 5 zilizobaki ni za gundi, ambayo kila mtu huisahau. Sehemu ikizidi bajeti yake, inatengenezwa upya au sehemu nyingine inalipa deni hilo.

Bajeti hii inawezekana tu kwa mbao zilizochaguliwa. Balsa, mti mwepesi wa kujengea ndege za mfano, haina uzito mmoja. Mbao mbili kutoka rundo moja dukani zinaweza kutofautiana karibu mara mbili. Nenda na mizani ndogo ya jikoni. Ubao wa milimita 1.5 wenye upana wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 91 unapaswa kuwa na gramu 10 hivi, yaani kilo 100 kwa mita ya ujazo. Ukionyesha gramu 16, urudishe hata kama ni mweupe na laini kuliko yote. Kisha ushike ukiwa wima mbele ya dirisha na utazame nyuzi zake: ubao wenye madoadoa mafupi yanayong'aa ni mgumu, haupindi, na unafaa kwa mbavu za bawa, wenye nyuzi ndefu zilizonyooka hupinda vizuri kuzunguka umbo la bawa, lakini kama ubavu utapasuka.

Bawa

Eneo la sentimita za mraba 1,110 linapatikana kwa urefu wa sentimita 74 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 15. Napendekeza upana uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Bawa linalopungua kuelekea nchani hupendeza, lakini kwa ukubwa huu faida yake ni ndogo, na bawa lililo sawa lina mbavu zote za kipimo kimoja: unakata kiolezo kimoja cha plaiwudi, unazibana mbao 16 pamoja kwa pini, unazipiga msasa zote kwa mara moja.

Umbo la ubavu liwe linganifu juu na chini, kwa sababu ndege itaruka chali kama inavyoruka kifudifudi na haipaswi kupendelea upande. Unene uwe asilimia 16 ya upana, yaani milimita 24, na sehemu nene zaidi iwe sentimita 4 kutoka ukingo wa mbele. Ukingo huo uwe butu kama upande mnene wa yai. Ukingo mkali hufanya hewa iachane na bawa ghafla, na ghafla ndicho kitu ambacho hatukitaki mita moja na nusu kutoka ardhini. Boriti mbili za milimita 3 kwa 6, moja juu na moja chini, zipite kwenye sehemu nene, na ubao wa milimita 1.5 ufunike sentimita 10 za katikati, pale ambapo kiwiliwili na belikranki vinashikana na bawa.

Nobler na ndege nyingi kubwa zina mapezi kwenye ukingo wa nyuma wa bawa yanayosogea kinyume cha elevata. Kwa ndege hii nayaacha. Yanaongeza nguvu ya kuinua, lakini yanaleta uzito, bawaba na msuguano, na yanaelekeza pua kinyume na inakotakiwa kwenda, hivyo mkia lazima uwe mkubwa zaidi ili uyashinde. Bawa jepesi halihitaji msaada huo.

Mkia na kiwiliwili

Mkia wa mlalo uwe na asilimia 22 ya eneo la bawa: sentimita 34 kwa 7.2, nusu yake ikiwa imetulia na nusu ikiwa elevata, kutoka ubao wa milimita 3. Umbali kati ya ukingo wa nyuma wa bawa na bawaba ya elevata uwe sentimita 18 hivi. Kiwiliwili kiwe ubao mmoja wa balsa wa milimita 8, chenye vipande vya plaiwudi ya milimita 0.8 vilivyogundishwa ubavuni kuanzia puani hadi katikati ya bawa. Si cha kuvutia machoni, lakini kinajengwa kwa jioni moja na kikivunjika kinagundishwa uwanjani.

Bawaba zinastahili muda kuliko kiwiliwili. Mimi huzishona kwa uzi wa polista, mshono wa namba nane unaopita juu ya sehemu moja na chini ya nyingine. Kipimo chake ni rahisi: kabla ya kuunganisha fimbo, inua mkia ukiwa umelala, na elevata ianguke yenyewe kwa uzito wake. Ikiganda popote, hata kidogo, kata uzi ushone upya, kwa sababu mkazo wa gramu mia mbili juu ya kichwa hautaweza kuisukuma elevata nzito kwa usahihi.

Belikranki na waya za ndani

Belikranki ya sentimita 5 kati ya matundu ya nyaya inatosha. Tundu la fimbo liwe milimita 12 kutoka kwenye ekseli, na pembe ya elevata, yaani kipande kinachosimama juu yake ambacho fimbo hufungwa, iwe na milimita 15. Kwa kishikio chenye sentimita 8 kati ya nyaya, ukiinamisha mkono nyuzi 20 elevata itainama nyuzi 26 hivi, kiasi kinachotosha kitanzi na kinachoruhusu kuruka sambamba bila ndege kurukaruka. Fimbo ya waya wa milimita 1.6 ipite kwenye kitanzi kidogo cha kuishikilia katikati ya safari yake. Bila hicho hupinda inaposukuma, na utajiuliza kwa nini ndege inapinda vizuri upande mmoja tu.

Kuna imani iliyoenea kwamba mahali pa ekseli ya belikranki ndipo panapoamua ndege inaelekea wapi. Sivyo. Ndege inavutwa pale nyaya zinapotoka kwenye ncha ya bawa. Ekseli unaweza kuisogeza mbele au nyuma kadiri ujenzi unavyotaka. Matundu ya nchani ndiyo yenye neno. Hewa inazisukuma nyaya nyuma zikizunguka, kwa hiyo haziji kwenye ndege zikiwa zimenyooka bali zikiwa zimeinama kidogo kutoka nyuma. Kwa nyaya mbili za chuma za milimita 0.2, kwa mita 11 na kasi yetu, mwinamo huo ni nyuzi 2.4 hivi, ambazo kwa nusu bawa ya sentimita 37 ni sentimita 1.5. Weka basi katikati ya matundu mawili sentimita 1.5 nyuma ya kitovu cha uzito, na uyatengeneze kwenye kipande cha plaiwudi kinachoweza kusogezwa, kwa sababu uwanjani utasogeza.

Kuhusu risasi ya ncha ya bawa la nje, inafaa chubwi ndogo ya mshipi wa samaki. Bawa la ndani linabeba karibu nusu ya uzito wa nyaya, gramu 3 hivi. Bawa la nje nalo linazunguka katika duara kubwa kidogo, linakwenda kasi zaidi na kuinua kwa asilimia 7 zaidi ya la ndani, jambo ambalo linahitaji gramu 3 nyingine. Anza na gramu 7, ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha skrubu.

Injini, tangi na uwiano

Injini ielekezwe nje ya duara kwa nyuzi 2, kwa kuweka washa (pete bapa ya skrubu) nyembamba upande mmoja wa bamba lake. Usukani wa wima uache umenyooka. Tangi nalo lifikiriwe kwa macho ya mafuta yaliyomo: yakiwa yanazunguka, yanasukumwa nje kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya uzito wao, hivyo hujikusanya kwenye ukuta wa nje wa tangi, na huko ndiko mrija wa kunyonya unapaswa kuishia, katikati ya kimo, ili injini ipate kiasi kilekile ndege ikiwa kifudifudi au chali. Katika injini ambazo tangi ni sehemu ya mwili wake, mrija huo mara nyingi unaelekea chini. Fungua, uuzungushe uelekee nje.

Ndege ikishakamilika, tangi likiwa tupu, itegemeze kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita 2.5 kutoka ukingo wa mbele. Ikitulia hapo, ni salama kwa safari za kwanza. Baadaye, kwa mazoea, kitovu cha uzito kinaweza kurudi hadi sentimita 3. Kikizidi hapo, ndege inakuwa na haraka kuliko mkono.

Kabla ya kuwasha

Pima mfumo mzima wa nyaya kwa kuuvuta, ndege ikiwa imeshikwa kwenye kiwiliwili na ndoano ya mizani ikiwa kwenye kishikio. Mara 10 ya uzito wa ndege ndicho kipimo kilichozoeleka. Kwa ndege hii ni kilo 1.9, nami huvuta hadi kilo 3 kwa sababu sijawahi kujuta. Hakikisha hakuna nyaya za umeme karibu na uwanja, na ngurumo ikisikika, kunja vitu uondoke, maana umeshika mita 11 za chuma.

Safari ya kwanza ni ya kuruka sambamba tu, mizunguko yote hadi mafuta yaishe, ukipima muda wa duara kwa saa. Msaidizi asimame nje ya duara upande upepo unakotokea, aitazame ndege ikimjia. Safari inayofuata, ukiweza, geuza ndege chali kwa mizunguko michache akiwa palepale. Kama ncha ya bawa la nje iko chini katika hali zote mbili, chubwi ni nzito. Ipunguze gramu moja kisha urushe tena. Kama iko chini ndege ikiwa kifudifudi na iko juu ikiwa chali, usiiguse chubwi: bawa limepinda, na dawa yake ni mvuke wa birika na mikono miwili inayolisokota taratibu kinyume na lilivyopinda, likashikiliwa hivyo hadi lipoe.